Kibodi ya Sylviane

Sylviane alipoacha kuchapa, mumewe Serge alidhani amechoka tu. Tangu watoke Kongo, mkewe ndiye aliyekiendesha kibanda chao cha chapa hapa kambini Kakuma: barua za kuomba kazi, nyimbo za kwaya, mialiko ya arusi. Sasa alishinda nje kivulini akisema kompyuta inamuumiza kichwa. Serge alichapa badala yake, kidole kimoja kimoja, wateja wakipiga miayo.

Hospitalini wakaambiwa ni sukari, imeshika macho. Dawa zingezuia yasizidi, lakini kilichopotea kimepotea.

Serge akafunga safari kwenda Lodwar, kwenye duka la kompyuta la Jebet.

"Nataka kibodi ya herufi kubwa," akasema. "Ni ya mke wangu."

Jebet akampangia tatu mezani. Serge akaidaka ile nyeusi yenye taa za rangi rangi.

"Ngoja kwanza, mzee." Jebet akachukua miwani yake ya vumbi, akavipaka vioo vaselini. "Baba yangu alikuwa na mtoto wa jicho. Daktari alitufundisha hivi, tuone anavyoona yeye. Vaa, ndipo uchague."

Serge akavaa. Zile taa zote zikawa ukungu. Ya pili, yenye herufi nyeupe juu ya kijivu, ilikuwa kama ubao uliofutwa. Ya tatu ilikuwa na vitufe vya manjano na herufi nyeusi, nene, zilizojaa kitufe kizima. Hizo alizisoma, kwa taabu. Na kila kitufe kilikuwa na springi yake. Ukikibonyeza kinalia *tak*, unajua kimeingia.

Akainua kichwa amwambie Jebet ni hii. Hakuona uso, ila kivuli kilichosimama mbele yake. Akajiuliza ni tangu lini Sylviane hajamwona.

"Uko sawa, mzee?"

"Niko sawa," akajibu, lakini alikawia kuivua ile miwani.

Jioni, nyumbani, alimwekea mkewe kibodi mapajani. Sylviane akaiinamia, pua karibu iguse vitufe.

"Manjano," akasema polepole. "Naona A. Papa Elyse, naona na S."

"Mama Elyse, uso wangu je, unauona?"

Vidole vikatulia. "Muda sasa, hapana. Nakujua kwa mwendo."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeniambia nipumzike. Na mimi kazi naipenda."

Serge akasogeza kiti, akamkaribia mpaka pumzi zao zikakutana. Sylviane akamtazama kwa muda mrefu, akampitishia kidole kwenye ndevu.

"Umeota mvi," akasema. "Zimekupendeza."

Asubuhi, mteja wa kwanza alikuwa Mamer, aliyetaka barua ya kuomba kazi ya ualimu. Sylviane alikaa kwenye kiti chake cha zamani, vitufe vikilia *tak, tak*. Alikosea hapa na pale. Serge akawa anamsomea kwa sauti kilichoandikwa, naye anarekebisha, mpaka barua ikaisha.