Mpangaji Aliyeitwa Mgeni

Hyasinta alikuwa anapinda sketi ya shule kwenye cherehani yake ya barazani, pale Mtaa wa Mchikichi, Mzee Mwinshehe, mwenye nyumba wake, alipotoka ndani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama Beno. Shida yako nimeisikia."

Shida yenyewe ilikuwa shahada ya kupigia kura. Vyama vilikuwa vingi sasa, watu walikuwa na hamu, na uandikishaji ulikuwa unafungwa jioni ile. Lakini mwenyekiti wa mtaa alikuwa amemnyima muhuri kwenye karatasi ya utambulisho. "Mwenye nyumba wako aje aseme unaishi kwake," alimwambia, ingawa alimjua tangu Beno akiwa bado mgongoni.

"Nitakwenda kusema," alisema Mzee Mwinshehe. "Ila nitasema wewe ni mgeni wangu, umefikia tu. Na wewe utatia saini hivyo hivyo."

Hyasinta akatoa mguu kwenye kanyagio. Ng'ambo ya barabara nyumba mbili zilikwishavunjwa kupisha ghorofa, na wapangaji wake walikuwa wamekwenda baraza la nyumba, linaloamua kesi za wapangaji, kudai notisi ya kuhama. Mgeni hadai notisi.

"Kodi yangu huwa nampa nani, baba?"

"Risiti unayo?"

Hakuwa nayo. Hakuna aliyewahi kupewa risiti mle ndani.

"Bati linavuja, mama Beno, na sina cha kulibadilishia. Mwenye fedha amekuja kuinunua nyumba. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Sijui, baba. Lakini Beno nimemzalia kwenye chumba kile. Mie si mgeni."

Akaifunika cherehani kwa khanga, akaenda zake kwenye kituo cha kujiandikishia. Kilikuwa darasa la shule ya msingi, na foleni ilifika getini. Zamu yake ilipofika, karani, binti mpole aitwaye Winifrida, alitafuta muhuri wa mtaa kwenye karatasi yake, akaukosa.

"Mama, bila muhuri siwezi kukuandikisha."

"Wananijua hawa wote. Nusu yao nimewashonea mimi."

"Ni kweli, mjomba wangu umemshonea. Lakini ndivyo tulivyoagizwa."

"Basi andika kwamba nilikuja."

Winifrida akayatazama makaratasi yake. "Hakuna pa kuandika hivyo, mama."

"Haya. Nitasimama hapa mpaka mfunge."

Akasimama mbele ya meza, mikono kifuani. Hakupaza sauti. Waliokuwa nyuma yake wakaanza kumzunguka ili wafike mezani, na kila alipofika mtu, karani alilazimika kuinama pembeni ya Hyasinta ndipo amwone.