Ovaroli ya Alois

Mvua ilikuwa imeacha dimbwi mbele ya geti la kiwanda, na Koleta alilivuka pekupeku, viatu mkononi, sufuria kubwa kichwani, beseni la plastiki kwapani. Revocatus alimwona kutoka dirishani mwa ukumbi. Visigino vya shemeji yake vilikuwa vimepasuka, na ile kanga nyeusi ya msiba, ambayo angekuwa ameshaivua siku nyingi, ilikuwa imepauka ikawa rangi ya majivu. Alikuwa amepewa kibarua cha siku mbili, kuwapikia watu wa semina. Meneja alisema ni katika kumsaidia mjane. Watu wa pale Ziba, kilipo kiwanda, wakasema meneja ana utu. Haya bwana.

Beseni ndilo Revocatus alilolitazama zaidi. Alijua ni la nini. Tangu mdogo wake Alois afe mwezi wa nane, matanga yalikuwa hayajaanuliwa sawasawa. Kwao nguo za marehemu hufuliwa na mjane kwa mkono wake, zikagawiwa ndugu, ndipo naye avue nyeusi. Mashati mawili na suruali vilishagawiwa. Ovaroli, nguo aliyofia, ilibaki kiwandani. Koleta alikuja kuiomba mara nne, na mara zote nne meneja Gerson alimjibu kwa upole kwamba nguo ile ni ushahidi, uchunguzi unaendelea, avumilie kidogo. Akavumilia. Safari hii alikuja na beseni kabisa, kwa sababu Revocatus alikuwa amemwambia uchunguzi unaisha wiki hii na yeye mwenyewe ni mjumbe wa kamati. Nguo utapewa, shemeji, alimwambia, na jina la Alois litasafishwa.

Aliamini hivyo, masikini ya Mungu.

Mambo yalikuwa hivi. Mkaguzi wa serikali alikuwa ameagiza kwamba kabla ya msimu mpya wa pamba kufunguliwa, kiwanda kiwe na kamati iliyofundishwa kuchunguza matukio makubwa, na taarifa ya kifo cha Alois iwe mezani kwake. Gerson akachagua watu wanane. Akamleta mwalimu kutoka Dar es Salaam, kijana mtanashati aitwaye Godbless, aliyelala Isevya mjini Tabora akaja asubuhi kwa gari la kiwanda, akipita barabara ile ambayo zamani wapagazi waliipita na mizigo ya watu wengine kichwani. Godbless hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Alifundisha vizuri, alisikiliza, na alimwita kila mtu kwa jina lake.

Aliwafundisha kwamba mahali pa tukio hapaguswi. Hapafagiwi, hapaoshwi. Kila kitu kinapigwa picha kilipo, kinatiwa kwenye mfuko, kinaandikwa nani kakitoa wapi na saa ngapi, kila anayekipokea anatia sahihi. "Waliosafisha mahali pa tukio," alisema, "ndio waliofuta ushahidi."

Revocatus aliyaandika maneno hayo kwenye daftari. Waliosafisha ni wao. Ni yeye, na watu wa zamu yake, na ndoo kumi na mbili za maji. Mtu akishatolewa mashineni, watu wazima wangeiachaje damu yake ikaukie juani, inzi wakatua juu yake, mkewe aje aikute? Walimwaga maji, wakasugua kwa fagio, wakazoa mchanga uliolowa wakauzika nyuma ya uzio, na mzee mmoja akasali. Hakuna aliyewaambia. Ndivyo walivyolelewa. Koleta alipofika akipiga mayowe, alikuta sakafu safi, na Revocatus alimshukuru Mungu kwa hilo. Sasa anaambiwa alikuwa anafuta ushahidi.

Mchana Godbless akabandika karatasi kubwa ukutani, akawaambia kwamba mchunguzi mzuri huuliza "kwa nini" mara tano, mpaka aufikie mzizi. Kwa nini Alois alikufa? Mashine ya kushindilia marobota ilimshukia. Kwa nini ilimshukia? Alikuwa ndani ya sanduku lake. Kwa nini alikuwa ndani?

Revocatus akanyoosha mkono. Alieleza kwamba ule mkono wa chuma unaoipakia pamba ulivunjika wiki ya pili ya msimu, ikabidi kibarua aingie sandukuni, aikanyage pamba kwa miguu, atoke, ndipo mashine ishindilie. Alois ndiye aliyekuwa mwepesi kuliko wote. Alikanyaga pamba miezi miwili.

Godbless aliandika yote, uso umemkunjuka kwa furaha ya mwalimu aliyepata mwanafunzi. "Vizuri sana. Kwa nini mkono huo haukutengenezwa?"

Gerson alikuwa amekaa nyuma na kikombe chake. Hakupaza sauti. "Mwalimu, hapo pametosha," alisema. "Hilo ni la utawala."

Godbless aliifunika kalamu yake. Kisha akasema swali la nne na la tano wayachukue kama zoezi la nyumbani. Baada ya chai, Revocatus alikuta jibu lake limefutwa, na mahali pake pameandikwa: aliingia bila kibali.

Jioni ile Koleta alimuuliza, akisugua masufuria, kumekwendaje. Alimjibu kunakwenda vizuri. Hakuwa na moyo wa kusema jingine.

Kulikuwa na jambo ambalo hakuna aliyelitaja, na Revocatus alilijua kuliko wote. Mlango wa lile sanduku una swichi: ukiwa wazi, mashine haitembei. Lakini kufungua na kufunga kila mara kulichelewesha marobota, malori yakawa yanasubiri, na siku moja Gerson akapita, akasimama kando yake, akasema, "Revo, hiyo swichi ifunge na waya, tusonge mbele." Revocatus ndiye msimamizi wa zamu, ana watoto watano, na hakutaka kibarua chake kiote nyasi. Akaifunga. Aliusokota waya mara mbili ili usilegee. Siku ya tukio, aliyekuwa kwenye kitufe alidhani Alois ameshatoka. Revocatus aliukata waya kwa plaizi, mashine ikasimama, na ilikuwa imechelewa. Kile kipande alikitia mfukoni bila kujua. Tangu siku hiyo kilikuwa nyumbani, ndani ya kopo la maziwa, juu ya kabati. Mkewe alidhani ni misumari.

Asubuhi ya siku ya pili alilibeba lile kopo. Hakuwa na uhakika kama atalifungua.

Walipelekwa kwenye mashine kwa mazoezi. Godbless alikuwa ameomba mdoli wa kulaza sandukuni ili wajifunze kupima na kupiga picha, na mtunza stoo aliambiwa atafute nguo kuukuu aijaze pamba. Mdoli ulikuwa umeshalazwa, uso wa gunia, miguu imekunjwa. Revocatus alitazama goti la kushoto. Lilikuwa na kiraka cha buluu, kile alichokikata Koleta kwenye sare yake ya zamani ya kwaya ya Jumapili, akakishona kwa uzi mweupe kwa sababu mwingine hakuwa nao.

Aliinama akaitazama vizuri. Ovaroli ilikuwa imefuliwa. Imetakata, hata pale kifuani, na ina mikunjo ya kitu kilichokaa rafuni muda mrefu. Kumbe ushahidi uliokuwa ukisubiriwa ulishatiwa sabuni zamani. Hakuna aliyekuwa amekusudia ubaya, hilo ndilo lililomuuma kupita yote. Mtunza stoo alichukua nguo kuukuu.

Wenzake waliiona pia. Mmoja alijifanya kufunga kamba ya kiatu. Na hapo ndipo Koleta akaja na chupa ya chai na vikombe. Alifika karibu, akatazama ndani ya sanduku. Hakupiga kelele. Aliweka chupa chini taratibu, akafuta mikono kwenye kanga.

"Baba," alimuuliza Godbless, "hiyo nguo kaifua nani?"

Godbless hakuelewa. Alimwambia ni mazoezi tu, mama, asiogope. Koleta akauliza tena vile vile, nani kaifua. Akageuka akamtazama Revocatus, basi.

Revocatus akalifungua kopo. Hakuwa amepanga maneno. Yalitoka yenyewe, na sauti ilikuwa ya mtu mwingine.

"Hiki ndicho kilichomuua," alisema. "Kilikuwa kwenye swichi ya mlango."

Godbless alikisogelea kipande kile kwa heshima, akavaa glavu zake. Aliuliza ni nani aliyekitoa pale. Revocatus akasema ni yeye. Picha ilipigwa? Hapana, alikuwa anamtoa mdogo wake.

"Na nani alikifunga?" Sauti ilikuwa ya Gerson, aliyekuja bila kusikika.

"Mimi, bosi. Wewe uliniagiza."

"Nilikuagiza." Gerson aliitikia kwa kichwa kama mtu anayekubali. "Agizo langu liko ukurasa gani wa daftari la zamu?"

Halikuwapo. Gerson alikuwa haandiki. Alikuwa akipita, anasimama kando yako, anasema. Huyu ndiye aliyebeba jeneza la Alois bega la mbele, akaleta mchele gunia zima, akakaa kanisani benchi moja na wafiwa. Revocatus aliwageukia wenzake saba. Watatu kati yao walikuwapo siku ile, wakasikia kwa masikio yao. Aliwatazama mmoja mmoja. Kila mmoja ana watoto, na msimu ulikuwa unakuja.

"Andika, mwalimu," Gerson alisema. "Tulikuwa tunatafuta chanzo, kimepatikana. Semina imezaa matunda."

Godbless alisitasita. Alisema polepole kwamba labda wangeuliza na upande wa maagizo, kwa sababu mtu hafungi swichi bila sababu. Gerson akamkumbusha kwamba mkaguzi anasubiri taarifa kesho na gari la mjini linaondoka saa tisa. Basi kijana akatoa mfuko wa plastiki, akauweka waya ndani, akabandika karatasi, akaandika kwa mwandiko mzuri: Kielelezo namba moja. Kimetolewa na Revocatus. Kimefungwa na Revocatus. Wajumbe wakatia sahihi kwa zamu, kama walivyofundishwa, na wale watatu waliobeba naye ndoo za maji waliandika majina yao kwa herufi ndogo sana. Mwisho kalamu ikamfikia yeye. Alisoma mara mbili akitafuta uongo ili akatae. Hakuuona. Kila neno lilikuwa kweli. Akatia sahihi.

Juu ya taarifa, penye jina la marehemu, palibaki vile vile: aliingia bila kibali.

Walimwomba asubiri stoo, kwa adabu tu, gari la polisi linatoka Igunga. Mlango ukafungwa kwa nje. Stoo ilikuwa na dirisha moja la nyavu linalotazama geti, naye alisimama hapo kati ya makopo ya grisi na rafu iliyokuwa na pengo mahali ilipokaa nguo ya ndugu yake.

Koleta alikuja dirishani na beseni lake mkononi. Lilikuwa na maji ndani, robo, na kipande cha sabuni ya mche.

"Shemeji, ni kweli ulifunga wewe?"

Angeweza kumweleza juu ya malori, juu ya meneja kusimama kando yake, juu ya watoto watano. Aliona aibu ya kuyasema hayo kwa mwanamke yule.

"Ni kweli," alisema.

Koleta hakumlaani. Alisema kitu kwa Kinyamwezi, jina la nyumbani la Alois, akaondoka kwenda kumwomba meneja ile nguo, maana uchunguzi si umekwisha. Revocatus alimwona akipiga goti mbele ya Gerson. Alimwona Gerson akimwinua kwa mikono miwili, akimwonyesha gari. Mwalimu alikuwa na kundi lingine Tabora kesho yake, kiwanda kingine, somo lile lile, na kutengeneza mdoli mpya ni kupoteza muda. Utarudi, mama. Vumilia kidogo.

Wakaulaza mdoli nyuma ya pikapu, juu ya masanduku ya vitabu, goti la buluu likitazama mbingu. Dereva akawasha. Mshono wa bega ulikuwa umeachia, na gari lilipoingia kwenye makorongo nje ya geti, pamba ikaanza kuchomoka vipande vipande ikiangukia tope.

Koleta aliweka beseni chini. Alitoka getini akiifuata barabara, hakukimbia, akainama, akaokota kipande cha kwanza, akakifuta tope, akakitia kwenye ncha ya kanga. Akasogea hatua tatu, akainama tena. Revocatus alimtazama mpaka gari likapotea upande wa Nzega na yeye akawa mdogo barabarani, bado anaokota, na beseni liko pale getini, na walinzi wanalizunguka wasijue waliweke wapi.