Mwalimu Desanka na Mafundi Wake Wawili

Kompyuta ya Mwalimu Desanka iligoma siku ya Jumanne, katikati ya bonde la Nishava. Alikuwa ameipitisha ramani kuukuu ya bonde hilo kwenye skana, ameikuza mpaka kila kinu cha maji kikaonekana, na alipotaka kuihifadhi mashine ikamwambia nafasi imekwisha. Akafuta picha za arusi ya binamu yake, ambaye hata hivyo alikwisha kuachana na mumewe. Haikutosha.

Desanka alifundisha jiografia mjini Nish miaka thelathini na minne, na tangu astaafu alikuwa na kazi moja tu: kuziokoa ramani za zamani kabla panya hawajazimaliza. Alikuwa nazo mia tisa na ushee. Akaenda dukani kuomba ushauri. Muuzaji akamwambia azipeleke mtandaoni, alipie kila mwezi, zihifadhiwe mawinguni.

"Mawinguni?" Desanka akauliza. "Mwanangu, nimefundisha mawingu miaka thelathini na minne. Najua yanavyopeperuka."

Alichotaka ni seva yake mwenyewe, ndogo, ya kukaa nyumbani na kutunza ramani zote. Ila hakujua aanzie wapi. Na uchungu zaidi ni kwamba jengo lao lilikuwa na wajuzi wawili. Ghorofa ya pili aliishi Momchilo, mhandisi wa simu mstaafu, mnene, mwenye sauti ya kuamrisha; chumbani kwake mlikuwa na seva tatu na kitanda kimoja chembamba. Ghorofa ya sita aliishi Radisha, mkondefu, mpole wa maneno na mkali wa macho, aliyeuza vipuri vya kompyuta kwenye soko la mitumba kila Jumapili. Hawa wawili walikuwa hawajasalimiana miaka minane, tangu mkutano wa wakaazi walipobishania rangi ya ngazi hadi mmoja akamwita mwenziwe bisibisi butu.

Desanka alianza kiungwana. Momchilo akatazama saa na kusema, "Mwalimu, hilo ni somo refu." Radisha yeye alisema, "Inategemea." Alipoulizwa inategemea nini, akajibu, "Mambo mengi," akafunga mlango.

Basi Desanka akakumbuka alichojifunza darasani. Ukiuliza swali, wanafunzi thelathini wote wanatazama viatu vyao. Ukiandika kosa ubaoni, mikono thelathini iko juu.

Kesho yake alimvizia Momchilo kwenye masanduku ya barua.

"Jirani, usijisumbue tena, jibu nimelipata. Radisha kasema memori ya gigabaiti mbili inanitosha sana."

Momchilo alisimama kama mtu aliyezabwa kofi. "Mbili? Mbili! Mwalimu, hata birika langu la kahawa lina zaidi!"

"Ndivyo alivyosema. Eti wanaotaka nyingi ni washamba."

Kabla ya saa sita mchana Momchilo alikuwa mlangoni pake, memori za gigabaiti kumi na sita ndani ya mfuko wa mkate. "Chukua, bure. Na mwambie huyo mjuzi wako nani kazileta!"

"Nitamwambia," akasema Desanka.

Hakumwambia. Alimkuta Radisha kwenye lifti, akamweleza kwa sura ya huzuni kwamba Momchilo amemshauri anunue seva ya ofisini iliyochakaa, ile ndefu kama jeneza, aiweke sebuleni.

"Sebuleni?" Radisha akacheka, kisha kicheko kikamwisha. "Ile inavuma kama ndege inayopaa! Utalala vipi? Na umeme inaula kama jiko la kuokea. Yule masikio yamekufa, ndiyo maana anapiga kelele hata akiomba chumvi."

Jioni akateremka na boksi dogo jeusi, ndani yake mazabodi ya kawaida, ule ubao mkuu wa kompyuta, na feni pana yenye kuzunguka polepole. Akaliwasha mezani.

"Tega sikio hapa, Mwalimu. Unasikia nini?"

"Sisikii kitu."

"Basi hiyo ndiyo feni."

Fahali wawili wakipigana, husemwa, ziumiazo ni nyasi. Kwa Desanka nyasi zilinawiri. Momchilo alileta pawa saplai madhubuti, kile kisanduku cha kugawa umeme, baada ya kusikia kwamba Radisha anasema yoyote itafaa. Radisha alileta betri ya kushika umeme unapokatika, maana aliambiwa Momchilo anaapa kwamba Nish umeme haukatiki. Diski peke yake Desanka alinunua mwenyewe, mbili, mpya. Hata ujanja una mpaka, na tena Radisha alimwonya bila kuchokozwa: "Diski usichukue ya mitumba, hata kwangu. Ni kama uyoga usioujua. Kosa utaligundua umeshameza."

Siku Momchilo alipomletea na chupa ya pilipili hoho za kuchoma, alizozipika mwenyewe, dhamiri ilimchoma Desanka kidogo. Alizila na mkate, na dhamiri ikatulia.

Lakini za mwizi ni arobaini, na zake zilitimia siku ya kumi na sita. Kengele ililia, akafungua, akawakuta wote wawili: Momchilo na kichane cha nyaya, Radisha na bisibisi.

"Wewe," Momchilo alisema, na hilo lilikuwa neno la kwanza kwa miaka minane, "ndiye uliyesema waya wowote utafaa?"

"Mimi? Nimekuja kwa sababu wewe umesema boksi langu litashika moto!"

"Boksi gani? Sijapata kuliona boksi lako! Na zile gigabaiti mbili je?"

"Gigabaiti mbili zipi?"

"Mbili ulisema wewe!"

"Nani? Nina wazimu mimi?"

Kisha vichwa viwili vikageuka pamoja, polepole.

"Kahawa?" Desanka akauliza, masikio yamemwiva.

"Mwalimu," Radisha akasema taratibu, "umeturusha kama tiara."

"Niliwauliza kwa adabu. Mmoja akatazama saa, mwingine akasema inategemea."

Wakauvuta mlango, wakabaki nje. Desanka akabandika sikio mlangoni. Akasikia minong'ono, halafu kicheko, na hicho kicheko kikamtisha kuliko ugomvi.

Walipoingia walifunga diski, wakapanga nyaya, wakapokezana bisibisi. Saa mbili baadaye seva ilikuwa inawaka taa yake ndogo ya kijani chini ya rafu ya vitabu.

"Na nywila?" Desanka akauliza.

"Tunayo sisi," akasema Momchilo. "Utaipata ukifaulu mtihani."

"Mtihani gani?"

"Wa mdomo. Alhamisi, saa kumi, kwangu. Njoo na kalamu."

Alhamisi alikalishwa kwenye kigoda kati ya seva tatu, watahini wawili wameketi kitandani. Memori aliieleza vizuri. Feni akaieleza. Ndipo Radisha akakunja nne.

"Diski zako mbili zinaigana. Asubuhi umefuta ramani kwa bahati mbaya. Mchana utaipata wapi?"

"Kwenye diski ya pili," Desanka akajibu papo hapo.

Wale wawili wakatazamana kwa furaha ambayo aliijua sana. Yeye mwenyewe alikuwa nayo usoni miaka thelathini na minne.

"Sifuri," akasema Momchilo.

"Zinaigana, Mwalimu!" Radisha akadakia. "Ukifuta huku na kule imefutika. Kuigana kunakukinga diski ikifa, hakukukingi na mkono wako. Nakala ya akiba hukaa kando, tena nje ya nyumba. Nyumba ikiungua je? Rudi Jumatatu."

Alipanda ngazi akifoka peke yake. Hakuwahi kufeli mtihani tangu azaliwe. Akanunua daftari, akasoma mpaka chakula kikaungulia jikoni, na Jumatatu hakungoja aulizwe: alimkabidhi Radisha diski ya tatu, imefungwa ndani ya soksi ya sufi, akamwomba aitunze kwake ghorofa ya sita.

"Amefaulu," akasema Radisha.

"Kwa shida," akasema Momchilo, akampa kijikaratasi kilichokunjwa. Kiliandikwa: MwalimuMwongo34.

Desanka alicheka mpaka akashika ukuta.

Jumapili hiyo jioni aliwaita wote wawili, akawamiminia rakija, pombe kali ya matunda, akawafungulia bonde la Nishava kwenye skrini. Momchilo alisogea karibu na kuomba kinu kimoja kikuzwe, kisha kikuzwe tena. Kilikuwa cha babu yake. Hilo alilisema kwa kunong'ona, yeye mwenye sauti ya kuamrisha. Kikakuzwa mpaka kikawa doa.

"Hapo unahitaji skrini bora zaidi," akasema Radisha.

"Skrini? Hiyo ni skana, bwana! Skana!"

"Skana haina kosa, macho yako ndiyo..."

Desanka akachukua kikombe chake cha kahawa, akatoka nacho kibarazani, akaufunga mlango nyuma yake.