Picha ya Watu Wanne

Zamani zile kupiga picha ilikuwa shughuli, si mchezo. Hukuchomoa simu mfukoni ukabonyeza, thubutu! Ulioga, ukajipaka mafuta mpaka ukang'aa, ukavaa nguo yako moja ya kutokea, ukaenda studio kukaa kwenye kiti kigumu na kuambiwa usipepese macho. Halafu ulingoja wiki nzima kujua kama ulipepesa. Nusu alikulia humo, kwenye studio iliyobanwa kati ya duka la viatu na duka la vioo, kwa sababu mama yake ndiye aliyekuwa akizisafisha picha hizo. Mpaka leo, na miaka yake arobaini na ushei, akinusa siki mahali popote moyo wake unarudi mbio kwenye chumba kile cha giza, kwa sababu mojawapo ya dawa za picha ilinuka hivyohivyo.

Nusu halikuwa jina lake, jamani. Alipachikwa na watoto wa shule. Baba yake alikuwa Mzungu, fundi mitambo aliyeletwa kufunga mashine za kiwanda cha karatasi. Akampenda mama, akamwoa, mashine zikaisha kufungwa, wenzake wakarudi kwao na yeye akabaki. Homa ikamchukua kwa siku nne, Nusu akiwa na miaka sita. Aliacha watoto watatu, na siku ya kuwagawia rangi Mungu hakutumia kipimo: Dada mkubwa alitoka mweusi tititi kama mama, Kitinda akatoka maji ya kunde, na huyu wa katikati akatoka baba yake mtupu, nywele za shaba na madoa puani. Sokoni watu walikuwa wakimwambia mama, "We dada, mtoto wa bosi wako humvishi kofia? Jua litamchoma huyo." Mama anajibu, "Bosi wangu ni yeye mwenyewe, muulizeni," kisha anaendelea kuchagua nyanya zake.

Mama yule! Husemwa mkono mmoja haulei mwana. Wake ulilea watatu. Baba alipozikwa, ndugu walikaa kikao cha kuwagawa watoto, huyu kwa shangazi, yule kwa mjomba. Mama akawasikiliza mpaka mwisho, akawashukuru kwa kuja, akawasindikiza mlangoni na watoto wake wote watatu akabaki nao. Kesho yake alipiga moyo konde akaenda studio kuomba kazi ya kupiga deki. Mwenye studio watu walimwita Tabasamu, kwa kuwa kutwa nzima aliwaamuru wateja watabasamu na yeye mwenyewe hakuna aliyewahi kuyaona meno yake. Miezi sita mama alipiga deki huku macho yake yanaiba kazi. Mwaka haujaisha, yeye ndiye aliyekuwa ndani ya chumba cha giza anasafisha picha, na Tabasamu kabaki nje na kamera yake na kununa kwake.

Jioni alirudi nyumbani vidole vimekuwa vya kahawia kwa dawa. Alipika, akakagua madaftari, akasuka vichwa viwili vyenye nywele za aina mbili, kila kichwa na kitana chake, na huku anaimba. Alichoka saa ngapi? Nusu hakuwahi kujiuliza. Maswali hayo mtu huanza kujiuliza akishakuwa na watoto wake.

Kila shule zikifungwa mwisho wa mwaka walipiga picha ya familia, na kila mwaka picha hiyo ilimtoa Tabasamu jasho. Akiweka mwanga wa kumfaa Nusu, mama na Dada wanazama kwenye weusi, yanabaki macho na meno tu. Akiweka wa kuwafaa mama na Dada, Nusu anapauka kama shuka iliyoanikwa. "Nyinyi ni picha mbili," Tabasamu alisema, na kamera akaifunga. "Pigeni mbili, mambo yaishe."

"Sisi ni picha moja," mama akajibu. "Wewe piga. Mengine niachie mimi."

Tabasamu akapiga, na mama akaingia chumba cha giza na kipande cha filamu, kile ambacho cheupe ni cheusi na cheusi ni cheupe. Akakitia kwenye mashine ya kukuzia, mwanga ukashuka juu ya karatasi, naye akawa anahesabu kwa sauti huku mkono wake unacheza hewani, mara uko juu ya sura hii, mara juu ya sura ile, mara ameuondoa. Watoto walikatazwa kusogea. Nusu alichungulia tu kutoka kwenye pembe ya pazia, chini ya taa nyekundu, akauona mkono wa mama unafunika na kufunua. Aliuona, lakini hakuuelewa. Picha ilipokauka walikuwemo wote wanne, kila mmoja na rangi yake, kila mmoja na pua yake. Tabasamu aliigeuza mara mbili, akasema "Hm," na hiyo kwake ilikuwa hotuba.

Nusu akiwa na miaka kumi na miwili ikaja barua kutoka kwa bibi mzaa baba, huko ng'ambo. Mama aliisoma polepole mezani, kwa kuwa lugha ile alifundishwa na mumewe tu. Bibi aliandika kwamba amezeeka, nyumba ni kubwa na kimya, na nguvu za kulea anazo za mtoto mmoja. Angempenda yule aliyeambiwa anafanana na mwanawe. Shule imepatikana. Kinachotakiwa ni fomu yenye saini ya mama na picha ya mtoto peke yake, vifike kabla mwezi haujaisha.

Dada mkubwa alisonya. "Mtoto mmoja! Kwani sisi ni vikombe, mtu achague?"

"Nyamaza wewe," mama akasema. "Bibi yako amefiwa na mtoto. Mtu aliyefiwa hasemi vizuri."

Nusu yeye moyoni alikuwa amekwisha panda ndege. Msimsute. Alikuwa amechoka kuulizwa yeye wa nani. Alichoka kuvutwa nywele na watoto wanaotaka kujua kama ni za kweli, alichoka kutembea na dada yake wa tumbo moja na watu wakadhani hawajuani, mmoja anamfuata mwenzake tu. Aliamini kabisa kwamba kule kwa bibi angepita barabarani kama mtu mwingine yeyote na hakuna atakayegeuka.

"Mama, ile picha yangu lini?" akauliza kesho yake.

"Nitakupiga."

Wiki ikapita. Akauliza tena. "Nitakupiga, mwanangu, mbona una haraka kama unafukuzwa?" Wiki ya pili nayo ikaisha, na Nusu akapata hakika kwamba mama anamzungusha makusudi mpaka mwezi ukatike.

Jumamosi moja mchana Tabasamu alikwenda kula na mama akaondoka kupeleka picha kwa mteja. "Kaa hapa uangalie duka," akamwambia Nusu. "Na usiguse kitu." Ebo! Mwambie mtoto asiguse kitu, ujue umemwonyesha cha kugusa. Mkasi ungemsaidia kupata picha ya peke yake, lakini picha ya familia ya mwaka ule ilikuwa moja tu, ukutani nyumbani, na ndani yake mkono wa mama ulikuwa begani kwake. Ukikata, unabaki na vidole. Basi akaingia chumba cha giza, akafungua boksi la filamu akakitafuta kipande chao mpaka akakipata.

Mpango wake ulikuwa mwepesi. Alikuwa ameona mama anavyofunika sura za watu kwa mkono. Naye angewafunika mama, Dada na Kitinda kutoka mwanzo mpaka mwisho wa hesabu, wamezwe na giza, abaki yeye tu. Akawasha mashine, akahesabu kama alivyomsikia mama akihesabu, viganja vyote viwili hewani, ulimi nje kwa bidii. Kisha akaitumbukiza karatasi kwenye dawa, akainama juu ya beseni.

Alijitokeza mwenyewe kwanza, nywele, madoa na kila kitu. Akafurahi. Halafu akangoja giza liwafunike wengine, na giza halikuja. Walibaki weupe. Weupe pee, watu watatu wa chokaa wasio na macho wala midomo, wamemzunguka, na yeye katikati yao ndiye mweusi.

"Hawa ni nani?"

Mama alikuwa amesimama kwenye pazia. Nusu alitamani ardhi ipasuke.

"Ni nyinyi," akasema.

Mama akasogea, akaitazama ile karatasi ndani ya beseni. Mabega yakaanza kumtikisika. Akacheka! Akacheka mpaka akashika meza. "Loo! Miaka yote hii watu wananiuliza kama wewe ni wangu, leo umenifanya mweupe kuliko wewe!" Kisha kicheko kikamwishia, akakaa juu ya kigoda. "Ulitaka kututoa."

"Nilitaka giza liwafiche. Kama wewe unavyofanya."

"Mimi nawaficha?" Mama akautazama mkono wake. "Mkono hauleti giza, mwanangu. Unaziba mwanga, na karatasi isiyopata mwanga inabaki nyeupe hivyo, haina kitu. Mimi nauweka kidogo juu yangu na juu ya dada yako tusiungue tukawa makaa, halafu nauondoa. Wewe ndiye ninayekumwagia mwanga muda mrefu, upate sura. Kila mwaka nafanya hivyo. Sijamficha mtu."

Nusu akaanza kujitetea, maneno yakamtoka ovyoovyo: kwamba kule hakuna atakayemwita Nusu, kwamba mama anamzungusha na picha, kwamba mwezi unaisha na mama hataki tu, basi.

 Mama aliinuka, akavuta droo ya chini kabisa, akatoa bahasha kubwa iliyokwisha andikwa anwani ya bibi. Ndani yake ilikuwemo fomu, imejazwa yote, na saini ya mama chini. Na picha. Nusu alijiona amekaa kwenye ngazi ya studio, hajui kama anapigwa, anacheka na mtu asiyeonekana, mwanga umemkaa usoni vizuri mpaka unaweza kuhesabu madoa puani. Hakuwahi kujiona hivyo. Hakujua kama yeye ni mzuri.

"Nilikupiga siku ileile ya barua," mama akasema. "Nimeisafisha mara kumi na moja. Kila nikimaliza naona bado, sijakutoa sawasawa, bibi yako atakudharau. Ya kumi na mbili ikakubali. Tangu Jumatatu naibeba mpaka mlangoni pa posta, narudi nayo."

"Kwa hiyo umekubali niende?"

"Sijakubali," mama akasema. "Nimetia saini."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, husema wahenga, na siku ile mtoto naye aliuona kwa macho yake, umeandikwa kwa wino kwenye mstari wa chini wa fomu. Ndugu walikuja na kikao kizima kumnyang'anya mama watoto na hawakuweza. Na sasa alikuwa anamtoa kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu mtoto ndivyo alivyotaka. 

"Ukienda, nenda," mama akasema. "Lakini nenda kwa picha yangu. Usiende kwa kutufuta."

Nusu akaiweka bahasha mezani. "Nifundishe ule mkono," akasema.

Mama akaweka karatasi mpya, akasimama nyuma yake, akamshika kifundo cha mkono. Mwanga ukashuka. "Juu ya Dada. Usitulize, chezesha, ukituliza inaweka alama. Nne, tano, ondoa. Sasa juu yangu. Moja, mbili..." Kiganja cha Nusu kilikuwa kinacheza juu ya uso wa mama yake, na mama anahesabu sikioni mwake kama vile hakuna haraka yoyote duniani. Wakaitia karatasi kwenye dawa, wakainama pamoja. Kitinda akaja, akaja Dada na mdomo wake wa kusonya, akaja Nusu, na wa mwisho, polepole, akaja mama, macho, mashavu, shingo, mkono wake begani pa mtoto.

"Tumpelekee bibi hii," Nusu akasema. "Mwambie mimi nakaa." Na machozi yakaanza kumchuruzika, hata hakuyafuta.

"Sogea ulie huko," mama akasema. "Yakiingia kwenye dawa yataniharibia picha."

Nusu akasogea ukutani. Mama akaichukua ile picha kwa koleo, akaihamishia beseni la pili, akaitikisa mara mbili tatu mpaka akaridhika. Halafu na yeye akasogea.