Ndoo ya Baba

Baba alistaafu idara ya uvuvi na sifa moja kubwa: ndiye aliyeleta kamba wekundu bwawani, ndoo moja tu, wawale konokono wa kichocho. Konokono walipungua kweli, akapewa cheti. Kinaning'inia sebuleni juu ya televisheni, na ole wako ukikifuta vumbi kwa kitambaa kibichi.

Mwaka huu idara ileile, ambako sasa nafanya kazi mimi, ilinipa fomu ya kujibu kama kamba hao ni wavamizi. Nilimwambia Baba mwenyewe, asije akasikia kwa watu. Akanicheka. Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema. Kuku nao asili yao ni mbali, mbona hakuna anayewaita wavamizi? Hapo alisema kweli. Ugeni si kosa. Fomu iliuliza mengine mawili: je, mnyama anawadhuru wenyeji, na je, anasambaa mwenyewe bila kubebwa?

La kwanza halikuwa na ubishi. Bwawani vyura wamekwisha, mayai yao yameliwa yote. Kwa la pili niliweka mitego kwenye kijito cha juu, mahali ambapo kamba hafiki ila atembee nchi kavu. Huko vyura bado walikuwepo. Wiki tatu mitego ilitoka mitupu. Nilifurahi, sifichi. Cheti kingebaki ukutani.

Kisha Mama akalalamika juu ya mazoezi ya Baba ya alfajiri: viatu matope matupu, vidole vimechanwachanwa. Nilivitazama vile vidole mezani. Zilikuwa alama za magando. Nilikasirika hadi chai ikanishinda, nikamuuliza ameanza lini kuwatoa kamba kijitoni.

“Mwaka wa sita huu,” alisema, akaendelea kupaka siagi mkate.

Mitego yangu nayo alikuwa akiitembelea na kuiondolea kamba kabla yangu.

Kesho yake alikuja ofisini, akapanga foleni kama raia yeyote, akaweka ndoo juu ya meza yangu. Ilikuwa imejaa kamba, wakiikwaruza.

“Mwanangu, magoti yangu yamechoka. Hawa hawachoki. Andika.”

Niliandika. Swali la mwisho lilikuwa jina la aliyewaleta, nami nikataka kuliruka. Baba hakuinuka kitini mpaka nilipolijaza.