Dakika Mbili za Mombasa

Hafsa hakumlilia mumewe, na mtaa mzima wa Ngamiani ulijua. Luqmani, fundi umeme na muadhini wa msikiti wa ng'ambo ya barabara, alipinduka na pikipiki njia ya Horohoro, akitoka Moa kutengeneza jokofu la mtu. Hafsa akakaa eda miezi minne na siku kumi, akapika, akafagia, akajibu salamu, jicho kavu. Watu wetu ni hodari wa kuhesabu machozi ya mwenzao kuliko yao, basi maneno yakaenea. Mwenyewe aliyatafuta hayo machozi asiyapate. Mwili mzima ulikuwa ganzi, kama ufizi uliochomwa sindano kabla jino halijang'olewa.

Aliyeumia zaidi ni Bi Mwanamkasi, mama yake Luqmani, waliyeishi naye nyumba moja. Hakugomba. Siku moja wakichagua mchele alisema tu, "Mfungo Sita ukiisha nahamia Pangani kwa ndugu yangu Msafiri. Siwezi kukaa na mtu asiyemlilia mwanangu."

"Sawa, mama," Hafsa akajibu. Alijua bibi huyo akiondoka atabaki yeye na kuta. Alijua kwa kichwa tu, moyo haukushtuka.

Kila Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, nyumba yao ndiyo iliyopendeza kuliko zote kwa taa za Maulidi. Luqmani hakutumia mashine. Alikaa barazani na ubao wa swichi nane, akiwasha na kuzima kwa vidole kufuata qasida. Hafsa hakuwa na vidole hivyo. Alikuwa na kompyuta ya duka lake la kuchapa barua, na kundi la WhatsApp la wapenzi wa taa alilolikuta kwenye simu ya marehemu. Humo akaomba msaada, na Badru wa Mombasa, asiyemjua wala kumwona, akamtumia mpangilio wake mzima wa kuwasha na kuzima taa kwa kompyuta. Kisanduku cha kuuendesha kikaja na basi.

"Utumie, dadangu, ila usiumeze mzima mzima," Badru alimwambia kwenye simu. "Nyumba yangu ni ghorofa, ina laini kumi na mbili. Yako ipime mwenyewe."

Bi Mwanamkasi aliposikia akaguna. "Nguo ya kuazima haisitiri matako."

Hafsa akaipima. Laini nne za ghorofani akazifuta. Pale taa za Badru zilipopanda ngazi, zake akazitembeza upenuni, kulia kwenda kushoto. Qasida ya Badru ilikuwa na matari ya haraka. Akaweka ile ya polepole aliyoipenda Luqmani, akavuta kila mwako mpaka ukaangukia pigo lake. Siku tisa alifanya kazi hiyo, bila furaha wala huzuni. Alipofika mahali Badru alipozima taa zote kupisha adhana ya Isha, aliona pamekaa vizuri, akapaacha.

Siku ya kuwasha, watu walijaa barabarani. Taa zikakimbia upenuni, zikazunguka mlango, zikarudi. Hata Bi Mwanamkasi, kitini pake barazani, kidole kilimponyoka kikafuata matari. Kisha zote zikazimika na qasida ikakatika. Watu wakatega sikio msikitini. Hakukuwa na adhana.

Hafsa akatazama simu. Saa moja na nusu. Kwao Isha ilikuwa bado dakika mbili, kwa kuwa jua la Mombasa hutangulia kuchwa, naye alibadilisha kila kitu isipokuwa saa.

"Nimekosea, mama. Nimeacha saa ya Mombasa. Bado dakika mbili." Akainuka kuwahi kompyuta.

"Kaa," Bi Mwanamkasi akasema gizani. Sauti yake ilikuwa tulivu, ya mtu anayemwangalia mwanawe. "Sasa anavuka barabara."

Hafsa akakaa. Ndivyo ilivyokuwa miaka yote: Luqmani alizima swichi zote nane, akavuka kwenda kuadhini, na wao wakamngoja gizani.

"Anavua viatu," mama akasema.

Kilichofuata Hafsa alikijua, kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akikisikia kwenye kipaza sauti. "Anakohoa," akasema. "Mara mbili."

"Mara mbili," mama akaitikia.

Kipaza sauti kikakwaruza. Adhana ikatoka, nzuri, iliyonyooka, na sauti ilikuwa ya Sele, muadhini aliyeshika nafasi ya Luqmani.

Ilimuuma Hafsa. Ilimuuma chini ya mbavu, akashindwa kuvuta pumzi, meno yakagongana. Machozi hayakuja. Alikunja kanga mkononi akaing'ang'ania, akakaa hivyo mpaka mwisho wa adhana. Bi Mwanamkasi akampapasa gizani, akaupata mkono wake, akaukuta umeikaza ile kanga. Hakuuachia.

"Hizo dakika mbili," akasema, "mwakani tuziache hivyo hivyo."