Ukuta Uliopendeza

Kwandu husema alijifukuza mwenyewe kwenye nyumba, tena kwa mikono yake miwili. Ukimbishia, anakugeuzia mgongo.

Alikuja Nyakanazi kutoka Shinyanga baada ya kufiwa na mume, yeye na binti yake Diana, akawa anauza uji na chapati kwa madereva wa malori. Chumba alichokimudu kilikuwa cha tope, nyuma ya kituo cha mafuta: kuta nyufa tupu, sakafu vumbi, funza wa kumwaga. Mwenye nyumba, Mzee Juvenali, alimkabidhi ufunguo bila hata kuingia ndani. Sijui aliona haya au aliogopa funza.

Lakini Kwandu ni Msukuma aliyelelewa na mama asiyekubali kulala penye ufa. Alikanda udongo, akaziba nyufa, akasiriba kuta. Sakafu aliipaka samadi na majivu mpaka ikawa ngumu. Nje akapaka udongo mweupe, na chini akazungusha mstari mwekundu. Majirani wakamtania kwamba anamjengea Juvenali ikulu. Alicheka tu. Diana alikuwa darasa la saba, shule ilikuwa jirani, na sasa mtoto alikuwa na mahali pakavu pa kusomea. Hakutaka kingine.

Siku moja Juvenali akapita.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Diana. Hii ndiyo nyumba yangu?" Akaupapasa ukuta kama anayechagua ng'ombe mnadani. "Umenifaa sana. Hapa sasa hata dereva wa Kigali analala. Nafanya gesti. Mwisho wa mwezi unipishe."

"Mzee, mimi ndiye niliyeitengeneza."

"Si nimekushukuru?"

Hakufoka wala hakutukana. Angetukana ingekuwa afadhali, maana tusi unaweza kulijibu. Kwandu alizunguka Nyakanazi nzima akitafuta chumba, na kila palipokuwa na afadhali palikuwa pameshakuwa gesti. Dereva analipa kwa usiku. Muuza uji atashindana naye wapi?

Wakahamia mbali, njia ya Nyantakara, kwenye kibanda cha mama mmoja aitwaye Felisita. Ukuta ulikuwa na tundu usawa wa kitanda, na mvua ikinyesha kwa upepo iliingia mpaka kwenye godoro. Diana alianza kukohoa. Shule ikawa mwendo wa kuchosha, na mtihani wa taifa ulikuwa umekaribia.

Jumamosi moja Kwandu alirudi kutoka kwenye biashara akamkuta binti yake ameloa tope hadi viwikoni, anatabasamu. Tundu limezibwa, limesawazishwa vizuri kabisa.

"Mayu, ona! Leo hatutalowa."

Kwandu alichungulia nje, asije Felisita akawa anapita. Kisha akachukua kisu cha jikoni, akaanza kulichokoa lile tope likiwa bado bichi, donge baada ya donge, mpaka upepo ukaingia tena.

"Mayu, mbona unabomoa?" Diana alikuwa analia sasa.

"Kohoa, mwanangu. Kikohozi tutakitafutia dawa. Nyumba ikipendeza, si yetu tena."